Harufu Ndani ya Gari la Sajini

Mkazi wa Kampala aweza kumiliki gari miaka kumi na asijue kwamba lina hita. Kitufe chake chenye alama nyekundu kipo pale pale kwenye dashibodi, kando ya kile cha buluu, lakini ni nani atakayekigusa katika joto la jioni, hali amekwama katika msongamano wa magari? Sajini mmoja wa polisi alikaa na gari lake miaka mitatu kwa namna hiyo. Lilikuwa stesheni wagoni la Kijapani, lililokwisha tumiwa huko lilikotoka kabla ya kuteremshwa bandarini Mombasa, nalo lilimchukua yeye, mkewe na watoto wao watatu sokoni, kwenye sala na kwao kijijini bila malalamiko. Kisha ukaja uhamisho. Sajini akatakiwa aripoti Kabale.

Kabale si Kampala. Mji huo wa kusini-magharibi mwa Uganda umekaa kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, baina ya vilima vilivyolimwa matuta kwa matuta hadi kileleni. Alfajiri ukungu hujaa mabondeni kama maziwa ndani ya bakuli, na mgeni hujuta kwa nini aligawa blanketi lake wakati wa kuhama. Kwa mwenye gari, baridi hiyo huja na taabu nyingine. Pumzi za abiria hugeuka maji juu ya kioo cha mbele, dereva haoni njia, na njia zenyewe zina kona na makorongo. Hapo ndipo sajini, kwa mara ya kwanza tangu alinunue gari, alipokisukuma kile kitufe chekundu.

Gari likatoa harufu ya kuungua. Sajini akashtuka, akasimama kando ya barabara, akafungua boneti, asione kitu. Baada ya dakika chache harufu ikaisha yenyewe. Ilikuwa vumbi tu, vumbi la miaka mitatu lililokuwa limelala ndani ya hita na sasa limepata moto. Harufu ya namna hiyo haina neno, maadamu inakuja mara ya kwanza na kwisha upesi. Ikiwa inarudi kila siku, hilo ni shauri jingine.

Yafaa ieleweke hita ya gari ni kitu gani, maana wengi hudhani kwamba ni jiko lenye moto wake. Katika magari mengi ya petroli na dizeli, sivyo. Injini hupozwa na maji yanayoizunguka, na maji hayo yakisha kupata moto hupelekwa kwenye rejeta kubwa iliyo mbele ili yapoe. Sehemu ndogo ya maji hayo hupitishwa kwa mipira miwili, ikapenya ule ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, ikaingia katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, isiyozidi sana ukubwa wa daftari nene. Feni hupuliza hewa kati ya mbavu za rejeta hiyo, na hewa hutoka ikiwa na joto. Basi. Joto ambalo lingepotea bure ndilo linalowapasha moto abiria.

Lakini tazama hewa yenyewe imepita wapi. Imeingia kwa matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na ukingo wa boneti. Imepita kwenye feni, ikapita kwenye rejeta ndogo, ndipo ikatoka. Kila kinachooza, kinachovuja au kinachoungua katika njia hiyo, hewa itakibeba na kukileta puani. Pua ya abiria, kwa maneno mengine, ni shahidi aliyesimama mwisho wa barabara na kuona kila apitaye. Sajini, ambaye kazi yake ilikuwa kuhoji mashahidi, hakulifikiria jambo hilo kwa namna hiyo mpaka baadaye.

Shahidi aliyekuwa bora kuliko wote alikuwa amekaa kushoto kwake. Mkewe alijulikana tangu kambi ya Kampala kwa pua yake. Alitambua maziwa yanayotaka kuharibika kabla hayajawekwa motoni, na jirani zake walimwita anuse unga kabla ya kuununua. Majuma machache baada ya kufika Kabale alisema gari linanuka uvundo, kama nguo zilizoanikwa ndani. Sajini alicheka, lakini alitazama, na kwa mara hiyo alitazama vema. Chini ya kioo cha mbele majani makavu yalikuwa yameziba tundu la kutolea maji ya mvua, maji yakabaki humo na kuota ukungu. Ndani zaidi, karibu na feni, panya alikuwa amejenga kiota kwa vipande vya karatasi na maganda ya mahindi. Jambo hilo halikuwashangaza majirani. Gari lililolala karibu na ghala la mahindi ni nyumba nzuri kwa panya, na katika baridi ya huko injini iliyotoka safarini ni kama kitanda chenye moto. Majani yakatolewa, kiota kikatupwa, feni ikaachwa izunguke mchana kutwa milango ikiwa wazi. Uvundo ukaisha.

Harufu ya tatu ndiyo iliyoanza mambo.

“Baba watoto,” mkewe alisema siku moja, “gari linanukia sharubati.”

“Sharubati gani? Watoto wamemwaga juisi yao.”

“Juisi haichemki, Baba watoto. Hii inachemka.”

Naye alisema kweli. Ilikuwa harufu tamu, nzito, mfano wa sukari inayoyeyushwa sufuriani, na ilizidi kila hita ilipowashwa. Kioo cha mbele nacho, badala ya kutakata, kilipata utando wa mafuta mafuta ambao kitambaa kiliueneza tu. Zulia la upande wa abiria likawa na unyevu usiokauka, na kila juma sajini aliongeza maji kwenye rejeta bila kuona tone lililovuja chini ya gari. Dalili hizo nne zikikutana, fundi mzoefu hahitaji kuuliza zaidi. Ile rejeta ndogo imetoboka. Maji ya kupoza injini huchanganywa na dawa iitwayo ethilini glaikoli, ambayo huyazuia yasigande katika nchi za barafu na yasichemke upesi katika nchi za joto. Nayo ndiyo yenye utamu ule wa harufu. Utamu wake si wa puani tu. Ulimi pia huuona, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa glaikoli ni sumu inayoharibu figo, na mtoto au mbwa akiikuta ndani ya kopo huweza kuinywa kwa raha. Mafundi wengi huimwaga chini au kuiacha katika debe wazi. Katika kambi yenye watoto wengi wanaocheza kila mahali, haifai kabisa.

Sajini alilipeleka gari kwa fundi mmoja aliyefanya kazi chini ya mti. Fundi akatambua ugonjwa mara moja. Dawa aliyoitoa ilikuwa ile ile inayotolewa katika gereji nyingi za Afrika Mashariki.

“Hita ya nini, afande? Hii si Ulaya. Tutaikata.”

Akaing'oa ile rejeta ndogo, akaunganisha mipira miwili ili maji yarudi kwenye injini bila kuingia ndani, akamimina maji matupu ya bomba badala ya dawa. Alitaka kuondoa na themostati pia, kile kizibo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, lakini sajini akakataa, na katika hilo alifanya vema. Mafundi wanaoondoa themostati husema wanaipunguzia injini joto. Wanachofanya ni kuiacha ikimbie baridi, ile petroli zaidi na kuchakaa upesi. Maji matupu nayo huleta kutu ndani ya rejeta. Lakini makosa hayo mawili ni ya fedha tu, na fedha hutafutwa. Kosa la tatu hakuna aliyeliona. Mahali ile mipira ilipopenya ukuta wa chuma palikuwa na vizibo viwili vya mpira vilivyoishikilia. Fundi aliitoa mipira pamoja na vizibo vyake. Yakabaki mashimo mawili, kila moja la upana wa kidole gumba, kutoka kwenye injini moja kwa moja hadi miguuni mwa abiria.

Harufu tamu ikaisha, na sajini akaridhika. Kwa kuwa sasa hapakuwa na joto, familia ilisafiri imejifunika mablanketi, vioo vyote vimefungwa hadi juu.

Miezi miwili baadaye mkewe akasema, “Nasikia moshi.”

Barabara ya Kabale hupitwa na malori mengi yaendayo Katuna, mpakani mwa Rwanda, na lori lililobeba mzigo mzito likipanda kilima halikosi kutoa moshi. Sajini akamwambia ni moshi wa malori. Mkewe akasema ameusikia hata pasipo na lori. Sajini akamkumbusha ile sharubati: gari limekwisha tengenezwa, harufu iliyobaki ni mabaki. Kisha, ili amani iwepo, alinunua dukani kile kikadi chenye manukato ambacho hutundikwa kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Kikanukia sana. Kikanukia hata mama watoto mwenyewe akashindwa kutofautisha kitu kingine chochote.

Asilaumiwe peke yake. Pengine hakuna bidhaa inayouzwa zaidi kwa wenye magari kuliko manukato hayo, na kila anayeyanunua hudhani ameiondoa harufu. Hakuiondoa. Afisa anayempa shahidi peremende ili anyamaze angepelekwa mahakamani.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Mbarara, kwenye arusi ya ndugu. Waliondoka alfajiri, hali ya hewa ikiwa baridi mno. Kabla ya kufika Ntungamo mtoto mdogo, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma, aliamka akilia kwamba kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Wenzake wawili walikuwa wamelala usingizi mzito usio wa kawaida yao. Mama alihisi kizunguzungu. Sajini mwenyewe kichwa kilimgonga, lakini askari hamwambii mtu jambo kama hilo. Wakasimama mjini, wakanunua gonja za kuchoma, wakaketi nje kwa nusu saa, na wote wakapata nafuu. Wakasema ni kona za barabara. Wakati wa kurudi ikawa vivyo hivyo, na zaidi: mtoto alilegea, akiitwa haitiki vema. Hawakwenda nyumbani. Walikwenda hospitali moja kwa moja.

Hospitalini muuguzi alimbana mtoto kidoleni kile kifaa kidogo kinachopima hewa safi iliyomo katika damu. Namba ikatokea nzuri. Joto la mwili lilikuwa sawa, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mtu mwingine angeandika dawa ya kichwa na kuwaruhusu waende. Daktari aliyekuwa zamu, kijana mtaratibu, aliuliza swali ambalo halikuhusu mtoto hata kidogo:

“Nani mwingine anaumwa kichwa?”

Mama akajibu, “Sote, daktari.”

“Usiku mnaota moto? Sigiri mnaiweka chumbani?”

Swali hilo huulizwa sana katika miji ya baridi, maana kila mwaka wako watu wanaoingiza sigiri ya makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mama akasema sigiri yake hukaa barazani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kichwa hutuuma tukiwa ndani ya gari. Tukishuka, kinapoa.”

Kwa maneno hayo daktari akaagiza mtoto apewe oksijeni.

Hewa iliyowadhuru huitwa kaboni monoksidi. Hutokea kila mahali ambapo kuni, makaa, petroli au dizeli haikuungua sawasawa, nayo haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vina njaa. Huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha usingizi, na katika usingizi huo wengi hawakuamka. Kile kifaa cha kidoleni hudanganyika, kwa sababu damu iliyoshikwa na sumu hiyo hukionyesha wekundu ule ule wa damu yenye afya. Mgonjwa akiwekwa penye hewa ya kawaida, sumu hupungua kufika nusu kwa saa 4 au 5. Akipewa oksijeni tupu, saa 1 na nusu hivi hutosha.

Mwanafiziolojia wa Uingereza, John Scott Haldane, aliyechunguza miili ya wachimba makaa waliokufa katika milipuko ya migodi, alieleza mwaka 1896 kwamba wengi wao hawakuuawa na moto bali na hewa hii. Ndiye aliyeshauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo wanaopumua upesi, kwa sababu huanguka kabla ya mtu. Ndege wa manjano aitwaye kanari alitumika katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986, vilipochukua nafasi yake vyombo vya umeme. Katika gari la sajini hapakuwa na ndege. Aliyelegea kwanza alikuwa mtoto.

Msomaji atauliza: ikiwa kaboni monoksidi haina harufu, mama alisikia nini? Alisikia jamaa zake. Moshi wa gari hubeba vitu vingi pamoja, petroli ambayo haikuungua, masizi na mafuta, na hivyo vina harufu. Harufu ya moshi ndani ya gari kwa hiyo ni taarifa kwamba yule asiye na harufu huenda amekwisha ingia. Kinyume chake si kweli: pasipo na harufu si lazima pawe salama.

Mtoto alilala hospitali usiku mmoja, akaamka akidai chai. Sajini, ambaye hakulala, alirudi kambini na kuanza uchunguzi kama alivyofundishwa, safari hii bila kumdharau shahidi. Alimwomba mkewe aeleze tangu mwanzo. Ilianza lini? Baada ya hita kukatwa. Huzidi wakati gani? Asubuhi gari likiwa baridi, na wakati wa kupanda kilima. Hutokea upande gani? Miguuni, kushoto. Maelezo hayo yalitosha kuandika nusu ya ripoti.

Alimtafuta fundi mwingine, mzee aliyewahi kutengeneza magari ya serikali. Mzee hakugusa spana. Aliagiza gari lisiwashwe usiku kucha. Asubuhi likawashwa uwanjani, boneti ikiwa wazi, naye akatega sikio. Ikasikika tik-tik-tik, nyepesi, kama saa ya mezani. Injini ilipopata moto sauti ikafifia. Mzee akaonyesha kwa tochi pale ambapo mikono ya chuma inayokusanya moshi imefungwa kwenye injini. Gasketi ilikuwa imekatika, na kando yake palikuwa na ulimi mweusi wa masizi. Chuma kikiwa baridi ufa huachama; kikipata moto hutanuka na kuubana kidogo. Ndiyo sababu mafundi wanaopelekewa gari ambalo injini yake imekwisha pata moto husema hawasikii kitu.

Jioni mzee alifanya kipimo cha pili, ambacho mtu yeyote aweza kukifanya bila kuwa fundi. Giza lilipoingia aliweka taa yenye mwanga mkali ndani ya boneti, akaifunga boneti kwa kadiri ilivyowezekana, akamwomba mama aketi mahali pake pa kawaida na milango ifungwe.

“Unaona nini, mama?”

“Nyota mbili,” akajibu. “Chini, karibu na mguu wangu.”

Yalikuwa yale mashimo mawili.

Matengenezo yenyewe hayana maelezo marefu. Gasketi mpya ikafungwa, bomba la ekzosi lililokuwa na tundu la kutu chini ya sakafu likachomelewa, na mpira wa mlango wa nyuma uliokuwa umekatika ukabadilishwa, maana gari la namna hiyo likienda kasi huvuta moshi wake lenyewe kutoka nyuma. Rejeta ndogo ikapatikana kutoka gari lililovunjwa, ikapimwa kwa maji na hewa kabla ya kufungwa. Mipira ikapita tena katika mashimo yake ikiwa na vizibo, na dawa ya kupoza injini ikamiminwa nusu kwa nusu na maji safi. Mzee alikuta pia waya mwembamba umezungushwa mahali pa fyuzi ya feni. Aliutoa akaurusha mbali kwa hasira ambayo hakuionyesha kwa jambo jingine. Fyuzi huungua ili gari lisiungue. Anayeweka waya amemfukuza mlinzi. Dalili yake ingekuwa harufu ya plastiki inayoyeyuka, au ya samaki, na dereva aisikiapo hana la kufanya ila kuzima gari, kuwatoa watu, na kung'oa waya wa betri. Ya petroli ni hivyo hivyo: gari lisiwashwe tena mpaka mahali inapovuja pameonekana. Ya mafuta yaliyoungua, inayokuja na moshi mwembamba kutoka kwenye boneti, mara nyingi ni tone la oili linaloangukia chuma cha ekzosi. Ingawa haina haraka kama hizo mbili, ukingo wa boneti uko karibu mno na matundu ya hewa kuiachilia.

Inspekta mmoja mstaafu aliyekaa jirani alikuja kutazama, akacheka kwa huzuni kidogo. Enzi za ujana wake alikuwa na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Gari hilo lilipozwa kwa hewa, halikuwa na maji wala rejeta. Joto la abiria lilipatikana kwa kupitisha hewa kuzunguka mabomba ya moshi yenyewe, na mabati yaliyotenga hewa na moshi yakiliwa na kutu, moshi uliletwa ndani kwa mpango. Inspekta alisema yeye na wenzake walizoea kuendesha na kidirisha kidogo cha pembeni kikiwa wazi, wakidhani ni mtindo.

Kisa hicho kilifika kwa askari wenzake katika zamu, na hapo pakazuka mazungumzo ambayo hayakuhusu tena gari la sajini. Askari wa doria za usiku katika vilima vile hukaa saa nyingi ndani ya gari lililosimama, injini ikinguruma ili wapate joto, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua. Gari lililosimama ni baya kuliko linalokwenda, kwa kuwa hakuna upepo wa kuufukuza moshi. Na likiegeshwa nyuma yake ikielekea ukingo wa udongo, au ndani ya banda, moshi hugonga ukuta na kurudi. Makoplo wawili walikiri kwamba wamekuwa wakimaliza zamu na vichwa vinavyouma na kudhani ni usingizi. Mkuu wao aliagiza ekzosi za magari ya doria zikaguliwe, na kioo kimoja kiwe wazi daima. Baadhi walinung'unika kwa baridi.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, lakini likisha kuingia huzeekea hapa hapa, likipita mkono hata mkono, kila mkono ukikata mpira mmoja na kuacha shimo moja. Anayelinunua hapewi historia hiyo kwa maandishi.

Mwezi wa Julai, ambao Kabale huwa na usiku wa baridi kuliko wote, familia ilisafiri tena kwenda Mbarara. Kikadi cha manukato hakikuwapo. Sajini aliwasha injini, akaiacha inguruma boneti ikiwa wazi, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akaingia na kusukuma kitufe chekundu. Hewa ya joto ikatoka. Hakuling'oa gari. Alimgeukia mkewe, akangoja.

Mama akavuta pumzi mara mbili, akafikiri. “Vumbi tu,” akasema. “Litaisha.”

Akateremsha kioo chake upana wa vidole viwili, akamvuta mtoto blanketi hadi mabegani, wakaondoka.